Yowe la Tatu

Tangu tumzike rafiki yangu Kondo hakuna mtu anayepiga hodi mlangoni kwangu. Watu wanakuja, siwezi kusema nimetupwa, na wakija hawaji mikono mitupu. Lakini wanabonyeza kengele, au wananitumia ujumbe wakiwa bado ndani ya gari kwamba wamefika. Kondo peke yake, miaka yote hii, katika kila nyumba niliyohamia hapa, alisimama nje hata kama mlango uko wazi, akasema hodi, akangoja. Nikichelewa alisema ya pili. Ya tatu aliisema kwa kitisho: "Hodi ya tatu hiyo, Hamisi. Nageuza na pilau langu." Kwao Tanga, kama kwetu, ndivyo tulivyolelewa: hodi ni tatu, usipokaribishwa unarudi ulikotoka na wala huweki kinyongo. Hakuwahi kugeuza. Siku moja alisema ya tatu na nusu, akadai ndiyo desturi mpya ya Minnesota kwa sababu ya baridi.

Wiki moja baada ya mazishi nilishusha madaftari yangu kutoka juu ya kabati ili nimtafute humo. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na sijidai kuwa mwandishi. Tabia ya kuandika mistari minne mitano kila siku niliianza hapa hapa ugenini, nadhani kwa sababu sikuwa na wa kumweleza mambo madogomadogo. Madaftari yangu hayana siri. Yana hali ya hewa, chakula, na nani kasema nini. Nilifungua lile la jalada la kijani, la mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, nikitegemea kicheko cha Kondo. Kicheko kipo. Lakini karibu kila ukurasa una Mzee Anton, na kwenye siku za mwisho wa kiangazi nilikuta utepe wa kijani umebanwa kati ya kurasa, umechuja mpaka unaelekea njano. Nililifunga daftari tena upesi. Siku ya pili nikalifungua.

Mwaka ule mke wangu Rehema alikuwa anasomea uuguzi chuo kikuu, na mimi nilikuwa nimemfuata. Ninaandika hivyo wazi kwa sababu wakati ule wanaume wenzangu walipenda niigeuze sentensi, niseme yeye ndiye aliyenifuata. Tulikaa Columbia Heights, ghorofa ya pili, vyumba viwili vinavyotazama kituo cha basi. Meza ya kulia ilikuwa ya vitabu vya Rehema, kwa hiyo tulikula mkekani, na kila Kondo akicheka jirani wa chini aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Binti yetu Zaina alikuwa na miaka saba. Nilimwuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, na siwezi kumlaumu hata kidogo, maana nilimwomba mwenyewe. Nilimwambia, "Mwanangu, nijibu kwa Kiingereza, baba naye ajifunze." Nilikihitaji kazini. Nikamfanya mtoto mwalimu wangu, somo likamkolea yeye kuliko mimi. Kondo alikuwa anasoma chuo kimoja cha hapo mjini na kufanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na ndiye aliyeniingiza pale. Asubuhi nilipiga deki, mchana niliendesha gari la kuwapeleka wazee kliniki na kanisani.

Chumba cha Mzee Anton kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya chini, dirisha lake likitazama maegesho. Kulikuwa na kitanda cha kupandisha kwa mkono, kiti kimoja, na ukutani vitu vitatu tu: fimbo ndefu ya mchungaji, kofia nyeusi bapa, na picha ya nyumba ya mawe yenye paa pana. Kwa malezi niliyolelewa, sikuweza kuingia chumba cha mtu wa miaka themanini nimebeba ndoo bila kumwamkia, na salamu ya asubuhi ya Kiingereza, nilivyoitamka mimi, ilikuwa kama namrushia mtu kitu. Siku moja ikanitoka shikamoo. Akanyanyua uso akataka kujua nimesema nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha kwamba ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa hujibu marahaba. Akairudia mara nne mpaka ikakaa mdomoni. Kisha akaniambia kwao husema "egun on," na kwamba hiyo si Kihispania wala Kifaransa, na nisije nikamwambia mtu yeyote pale ndani kuwa ni Kihispania. Alikuwa Mbaski, mtu wa milima iliyo kati ya Hispania na Ufaransa, wenye lugha yao wenyewe. Alikuja Amerika akiwa kijana kuchunga kondoo za matajiri kwenye milima ya magharibi, akachunga miaka arobaini. Mkewe alikuwa wa hapa hapa, na mtoto wao Theresa hakufundishwa lugha. Mzee alipovunjika nyonga Theresa alimleta Minnesota awe karibu naye. Theresa aliishi Blaine, mji wa jirani, na alikuja kila Jumatano na kila Jumapili bila kukosa. Nalisema hilo ili asije mtu akadhani mzee alisahauliwa.

Basi kila asubuhi mimi nilisema shikamoo, yeye marahaba; kisha mimi egun on, naye akanijibu hivyo hivyo na kuongeza maneno mengine ambayo sikuyaelewa. Ingekuwa hayo tu nisingekuwa na la kuandika. Lakini mwezi wa tatu, theluji ikianza kuwa chafu pembeni mwa barabara, Mzee Anton alianza kupiga mayowe. La kwanza nililisikia nikiwa na deki mkononi. Lilianza chini kama farasi anayelia, likapanda, likakatikakatika kama kicheko cha mtu asiyefurahi, likaishia juu kabisa. Wauguzi walikimbia wakidhani ameanguka. Walimkuta amekaa kitandani, mkono sikioni. Kesho yake tena. Bibi wa chumba cha pili akaanza kulia kila akisikia. Msimamizi wetu, mama mwema mwenye wazee arobaini wa kuwaangalia na usingizi mdogo, alisema mbele yangu, "Akiendelea nitamwomba daktari ampe cha kumtuliza." Nilishajua cha kuwatuliza kinavyofanya. Wanakaa mbele ya televisheni midomo wazi.

Siku ile nilikuwa nampeleka kliniki, njia ya kaskazini inayofuata mto kuelekea Champlin. Nikamwuliza kulikoni.

"Kila mchungaji na mlima wake," akasema. "Mimi huku, kaka yangu kule. Wiki nzima huoni mtu. Asubuhi mmoja anapiga, na mwingine akisikia lazima ajibu. Akijibu basi, yu hai. Unakwenda kuchemsha kahawa."

"Na asipojibu?"

"Unapiga tena."

"Na asipojibu tena?"

"Ya tatu. Baada ya ya tatu unachukua fimbo unakwenda kumtafuta." Tukapita taa mbili za barabarani. "Nilitembea nusu siku. Nilimkuta ndani ya gari lake la kulala, lile la kukokotwa na farasi. Mbwa amelala mlangoni."

Nikamweleza habari za hodi. Akasema, "Basi ni kitu kimoja." Nikasema hapana, si kimoja, kwa kuwa yowe hujibiwa na yeyote anayelisikia, lakini hodi hujibiwa na mwenye nyumba. Mgeni, hata awe amekaa sebuleni miguu juu ya kiti, hana ruhusa ya kumkaribisha mtu katika nyumba isiyo yake. Nilimweleza kwa kirefu, na nakumbuka nilijisikia vizuri kwamba kwa mara moja na mimi nilikuwa na adabu ya kumfundisha mtu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Milimani hakuna nyumba."

Tukakubaliana. Ndani ya nyumba ya wazee asipige. Ndani ya gari, vioo vikiwa juu, apige anavyotaka, na mimi nitajibu. Jibu langu la kwanza alisema ni la mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Kondo, nilipomsimulia mkekani, alijiviringisha kwa kicheko mpaka ufagio wa chini ukagonga. "Umeajiriwa dereva au mbuzi, bwana? Shemeji, mumeo anasomea nini huyu?" Rehema akasema bila kuinua macho kwenye kitabu, "Mwache. Wewe bado hujamtuliza mgonjwa hata mmoja." Nilifanya mazoezi peke yangu bafuni, maji yakiwa yanamwagika. Daftari lina mstari wa mwezi wa tano: "Mzee amesema jibu la leo lingefika mlima wa pili." Nimeupigia mstari chini. Koridoni alinyamaza kabisa, na msimamizi hakumwita daktari. Baada ya kupiga na kujibiwa Mzee Anton alikuwa anazungumza Kibaski njia nzima, na mimi nikazungumza Kiswahili, kila mmoja na yake. Yeye nadhani alikuwa anahesabu kondoo, au anagombana na kaka yake. Mimi nilimweleza mambo ambayo sijamweleza mtu hata leo. Sikudhani kwamba hayo yalikuwa mazungumzo. Niliona ni kumpotezea mzee muda mpaka apatikane mtu wa kweli wa kuzungumza naye. Hapo ndipo nilipokosea, au ndipo nilipoanza kukosea. Sijui kosa la mtu huanza lini.

Mwisho wa kiangazi Kondo aliingia chumba cha kufulia akiwa na karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa matangazo chuoni. "Babu yako kapata ndugu," akasema. "Wanafanya sherehe ya lugha yao bustanini, Saint Paul, karibu na mto. Ngoma, chakula, yote. Mpeleke, na wewe upumzike ubuzi." Niliipeleka ile karatasi chumba cha mwisho kama mtu anayepeleka barua ya kupandishwa cheo. Mzee aliisoma, akaikunja, akasema hataki. Siku kumi hakuitaja. Ya kumi na moja akauliza kama naweza kumpeleka kwa kinyozi. Theresa alileta shati jeupe lililopigwa pasi, akalitundika kwenye kiti, akanishika mkono koridoni. "Mimi nikienda nitalia, na yeye hapendi," alisema. "Nenda wewe. Amezoea kuzungumza na wewe." Nikamwambia huko atazungumza na wenyewe. Nililisema hilo kwa furaha.

Asubuhi ya sherehe hakugusa uji. Alivaa ile kofia ya ukutani. Ndani ya gari hakupiga yowe, na nilipomwangalia akasema, "Naliweka." Tulipovuka daraja akaniuliza, "Watakuwa wangapi?" Nikasema karatasi haikueleza. Akasema, "Mmoja tu aliyechunga anatosha. Hata mmoja."

Ninataka kuwatendea haki watu wale. Walikuwa wamefunga vitambaa vyekundu na vya kijani kwenye miti, wamepanga meza ndefu, wameamka mapema kupika. Kulikuwa na mchuzi wa nyama ya kondoo wenye pilipili hoho nyekundu, soseji ndani ya mkate, na maharage meusi ambayo hata mama yangu angeyasifu. Vijana wenye nguo nyeupe na mikanda myekundu walicheza wakirusha miguu juu kupita vichwa vyao. Wanaume wawili walishindana kukata magogo wamesimama juu yake. Hakuna aliyeniuliza mtu mweusi anatafuta nini pale. Walinipa sahani kabla sijakaa. Mlangoni, yaani penye kamba waliyoizungusha, mama mmoja alikuwa na kapu la tepe za kijani. Yeyote anayejua lugha alipewa utepe abandike kifuani, ili wengine wajue wa kuzungumza naye. Mzee Anton akapewa. Mimi nikasema egun on kwa adabu tu, yule mama akacheka akanibandikia na mimi. Tulipopita nilitazama vifua vya watu. Nilihesabu tepe saba, pamoja na wangu na wa mzee. Nikaubandua nikautia mfukoni. Sikuwa na haki nao, na niliona kuuvaa ni kuwadanganya watu katika shughuli yao.

Utepe mmoja alikuwa nao dada mmoja jina lake Nerea, mwanafunzi aliyetoka huko huko kwao, ndiye mwalimu wa wale wote na ndiye aliyekuwa akiendesha shughuli. Alipoona utepe wa mzee alipiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu, akamshika mikono miwili. Walizungumza. Nilisimama nyuma nikashukuru Mungu. Lakini niliona mzee anatega sikio, na dada anarudia, na mzee anatingisha kichwa. Baadaye Nerea alinieleza kwa masikitiko. Yeye ni wa mjini, alisema, lugha aliisomea shuleni. Mzee ni wa mlimani, na anasema maneno ambayo yeye alimsikia nayo bibi yake tu. Walielewana kiasi. Mzee alimwuliza nyumba yao inaitwaje, maana huko milimani kila nyumba ina jina na mtu anajulikana kwa jina la nyumba. Nerea akamwambia wao wanakaa ghorofa ya tatu, nyumba haina jina. "Nilimwona anafunga uso," akasema. "Ningedanganya, ee? Ningebuni jina lolote." Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha wakamwita jukwaani na akakimbia, kwa sababu kila kitu pale kilimngoja yeye.

Wale wanne wengine wenye tepe niliwapitia mmoja mmoja na kiti cha mzee. Wawili walikuwa wanafunzi wa Nerea, walijua salamu na majina ya rangi. Mmoja alikuwa mama mtu mzima aliyekumbuka sala ya utotoni. Aliisema yote, mzee akavua kofia, na baada ya sala hakukuwa na kitu kingine. Wa mwisho alikuwa amevishwa kwa kuwa ameoa huko. Wote walikuwa wapole. Wote walimwinamia mzee na kumwuliza kwa Kiingereza kama amekula.

Baada ya chakula Nerea alisema kwenye kipaza sauti kwamba leo wana mgeni aliyezaliwa katika lugha, mkubwa kuliko wote, na wanamwomba aseme neno. Nilimsukuma mpaka mbele ya jukwaa. Akataka kusimama. Nikampa mkono wangu, akaushika juu ya kiwiko, nikausikia uzito wake wote. Kipaza sauti alikikataa. Akawatazama wale watu kwa muda, meza hadi meza, kisha akavuta pumzi.

Sijawahi kulisikia vile ndani ya gari. Nadhani gari lilikuwa dogo. Lilianza chini, likapanda juu ya vitambaa, juu ya miti, likakatikakatika, likafika ng'ambo ya mto na ndege wakaruka. Mzee akaweka mkono sikioni.

Wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo, wengine walisimama. Mzee akangoja makofi yaishe, mkono bado uko sikioni. Akapiga la pili. Makofi yakawa makubwa zaidi, na bwana mmoja wa kamati, uso umelowa machozi, akasema kwenye kipaza sauti kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo sauti ya mababu zetu, ishikeni, isikieni. Mtu alikuwa anamrekodi kwa kamera ya video, akamwashiria arudie. Mzee alikuwa bado amenishika juu ya kiwiko. Hakunitazama. Nimeliwaza hilo mara nyingi: hakunitazama hata kidogo, aliwatazama wao.

Mimi nilikuwa najua jibu. Katika bustani nzima, ukimwondoa yeye, mtu aliyejua kwamba lile ni swali alikuwa mimi, na nilikuwa na jibu kifuani limekomaa, lingefika mlima wa pili. Sikujibu. Niliona ile ni nyumba ya watu. Wenyewe wapo, wamejaa, wamevaa nguo zao na mikanda yao, na mimi ni mgeni niliyepewa sahani. Nitakaribishaje mtu katika nyumba ambayo si yangu? Nilingoja mwenye nyumba aitike. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa siku ile, na ni sababu yenye adabu. Iko nyingine, nayo ni kwamba niliona haya. Niliwaza watanionaje, mtu mweusi analia kama farasi katika sherehe ya watu. Sijui ipi ilikuwa kweli. Pengine ya kwanza niliitanguliza ili ifunike ya pili. Nimejiuliza hata jana, na bado siwezi kula kiapo.

Akapiga la tatu. Halikuwa refu. Makofi yakalimeza kabla halijafika juu. Mzee akashusha mkono kutoka sikioni, akakaa, akavua utepe akaukunja, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anasikia baridi. Jua lilikuwa kali. Nerea alikuja mbio na kikombe cha kahawa, akamshukuru, akambusu mashavu yote mawili, na mzee akamshukuru pia, kwa upole kabisa, kama mtu anayeagana na watu msibani.

Ndani ya gari nilipandisha vioo. Tulipokuwa darajani, nikajibu. Nilijibu kwa nguvu zangu zote, macho yakanitoka, mpaka koo likauma siku mbili. Mzee Anton alikuwa anatazama mto.

"Tazama barabara," akasema.

Nikasema, "Mzee, nilikuwa nangoja wenyewe."

"Najua," akasema. "Ulinieleza." Akaongeza, na hakukuwa na hasira katika sauti yake, ningefurahi kama ingekuwepo: "Ni vizuri. Sasa najua."

Nilichoandika jioni ile kwenye daftari ni hiki, sikuongeza wala sikupunguza: "Leo sherehe. Jua. Nyama ya kondoo tamu. Mzee amepiga mara tatu." Utepe niliubana hapo.

Kesho yake nilisema shikamoo, akanijibu kwa salamu ya Kiingereza. Nikasema egun on, akaitikia kwa kichwa. Kwenye gari nilimwanza mimi, mara ya kwanza, ya pili, hakujibu. Ya tatu sikumpigia, nilikuwa nimeshajifunza kuiogopa. Alizungumza Kiingereza cha hali ya hewa, kizuri kuliko changu. Msimamizi aliniambia ile safari imemfaa sana, ametulia. Kweli alitulia. Alianza kukaa mbele ya televisheni pamoja na wengine, na hakuna daktari aliyemwandikia kitu. Theresa aliniletea keki ya tufaha kunishukuru. Niliila, na Zaina aliila, na Kondo alikula vipande vitatu na kusema, "Umefanya la maana, bwana. Usijitese. Ulitaka akutane na mbuzi gani mwingine?" Halafu aliniona uso, akaniambia jambo nisilolisahau: "Ungejibu, wangekupigia makofi na wewe." Pengine alisema kweli. Pengine alitaka tu nilale. Mzee Anton alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa hadi madirishani, na Theresa alisema aliondoka kimya. Daftari la mwaka uliofuata linasema siku ile tulikula ubwabwa na samaki wa kopo. Sikuweza kuandika zaidi.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Zaina sasa ana nyumba Blaine, kubwa, mpya, ina gereji ya magari matatu na wajukuu zangu wawili. Ni mtoto mwema. Hunipigia simu kila siku, hunifuata kunipeleka hospitali. Anaelewa kila ninachosema, ananijibu kwa Kiingereza, kama nilivyomwomba. Nilishushwa na gari mbele ya nyumba, nikasimama mlangoni. Kengele ipo, ina taa ya bluu na kijicho cha kamera, na siku zote naibonyeza, mimi mwenyewe, tangu wahamie; sina haki ya kumnyooshea mtu kidole. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye daftari la kijani na kwenye kaburi la Kondo. Nikasema hodi.

Niliisema kwa sauti ya kawaida, ya kutosha mlango. Ndani nilisikia katuni na kijiko kinagonga bakuli. Nikangoja muda wa heshima. Nikasema ya pili, kubwa zaidi, na nikajikuta nimeweka mkono sikioni. Mjukuu wangu wa kike akasema kwa Kiingereza, kwa sauti safi, kwamba kuna mtu nje anasema kitu. Kaka yake akasema huenda ni mtu wa vifurushi, ataacha mlangoni. Katuni ikaendelea.

Nilivuta pumzi ya kusema ya tatu. Nilikuwa nayo hapa, kooni. Baada ya ya tatu mtu hugeuza, ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilikuwa nimeshashushwa na gari limekwisha kuondoka, na barabara za Blaine hazina mahali pa kutembea kwa miguu. Mzee Anton aliipiga ya tatu. Mimi nilinyoosha kidole nikabonyeza kengele, na wajukuu wakaja mbio.